Kabla ya kupokea madawati ya kiwanda, ulizeni kinachotoka kwenye bomba lake: yaliyotokea Owino Uhuru

Mjomvu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu kidogo, mwenye haraka auweke kando asome akitulia.

Kila wiki naona picha ileile: meneja wa kampuni anakabidhi madawati, diwani yuko pembeni, wanafunzi wamevalishwa fulana zenye nembo. Chini yake watu wanaandika "hii ndiyo kampuni inayojali jamii". Sina ugomvi na madawati. Watoto wanakaa chini, na dawati ni dawati. Ninachopinga ni kulifanya dawati kuwa kipimo. Kipimo cha kwanza cha kampuni ni kile inachokitoa nje ya geti kila siku: moshi, maji machafu, vumbi, na hata nguo za mfanyakazi anaporudi kwake jioni. Ikishindwa hapo imeshindwa, hata ijenge shule nzima.

Mfano ninaoujua vizuri ni wa huku kwetu Mombasa. Owino Uhuru ni mtaa wa watu wa kipato cha chini upande wa Jomvu, karibu na barabara kuu iendayo Nairobi. Wakazi wake ni kama 3,000. Ubavuni mwa mtaa huo kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata madini ya risasi. Kiwanda kilikuwa chini ya mpango wa EPZ, ule wa kuzalisha kwa ajili ya kuuza nje na kupewa nafuu ya kodi. Maana yake risasi safi ilipakiwa melini, vumbi lake likabaki Jomvu.

Mwaka 2009 kiwanda kilimwajiri dada mmoja, Phyllis Omido, ashughulikie uhusiano wa kampuni na jamii. Angalieni hicho cheo. Kwenye kampuni nyingi, mwenye cheo hicho ndiye anayepanga hizo sherehe za madawati. Kazi yake mojawapo ya mwanzo ilikuwa kusimamia ripoti ya tathmini ya athari za mazingira, na wakati huo tanuri lilishaanza kuwaka. Tathmini ambayo ilipaswa kutangulia ndiyo kwanza inatafutiwa mtu wa kuiandaa! Ilipoonekana kwamba kiwanda kiko karibu mno na nyumba za watu na kwamba kinafaa kufungwa na kuhamishwa, wakubwa hawakutaka kusikia. Akaondolewa kwenye kazi hiyo akapewa nyingine.

Haukupita muda mrefu mtoto wake mchanga akaugua. Madaktari walihangaika naye bila kujua kinachomsumbua, mpaka damu ilipopimwa risasi ikakutwa imo. Mtoto wa kunyonya, hajawahi kukanyaga kiwandani. Omido akaacha kazi. Halafu akafanya jambo ambalo kwangu mimi ndilo lililogeuza kila kitu: akatafuta watoto watatu wa mtaani, akawapeleka nao wakapimwe. Wote watatu walikuwa na risasi mwilini.

Tangu hapo alibisha hodi kila ofisi. Akaanzisha shirika, CJGEA, la kutetea haki za mazingira. Mwaka 2012 alikamatwa na wenzake kwenye maandamano wakashtakiwa kwa uchochezi, na baadaye mahakama ikamwachia huru. Mwaka huohuo alivamiwa na watu wenye silaha karibu na nyumbani. Kiwanda kilikuja kufungwa 2014, na 2015 akapewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Lakini tuzo haisafishi udongo, na kufungwa kwa geti hakuitoi risasi kwenye mifupa ya mtoto. Wakazi wakaenda mahakamani 2016.

Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa ikawapa ushindi: fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na kampuni na vyombo vya serikali vikaamriwa kusafisha eneo, la sivyo zitolewe shilingi milioni 700 za kulisafisha. Juni 2023 Mahakama ya Rufani ikaiondoa ile fidia, ikataka suala lirudi chini lisikilizwe upya. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha hukumu ya 2020. Hesabuni wenyewe. Mtoto aliyekuwa ananyonya 2009 alikuwa kijana wa sekondari siku majaji wa mwisho wanasoma uamuzi.

Ndiyo maana nasema tusianze na madawati. Karibuni tujadili, na waliopitia mambo kama haya waseme.

---

Nyamongo_Kwetu

Mkuu Mjomvu, shukrani kwa uzi. Naelewa uchungu wako ila ngoja niseme ambalo wengi wanalinong'ona. Mimi natoka eneo la mgodi, Mara. Kampuni ikifungwa kwa sababu ya mazingira, wewe mwandishi unaendelea na maisha, huku kwetu mama lishe anafunga banda, bodaboda anakosa abiria, kijana aliyekuwa anapata mshahara anarudi kukaa kijiweni. Njaa nayo inaua. Wawekezaji tukiwabana sana wataondoka waende nchi jirani. Kwa nini tusichukue hivyo vinavyotolewa, kisima, zahanati, barabara, huku tunaendelea kuongea nao taratibu?

---

Mjomvu

Kaka, hoja yako ni nzito na sitaipita juujuu.

Kwanza, katika Owino Uhuru waliotangulia kupata madhara ni haohao wenye ajira. Mtu anashinda kwenye vumbi la risasi, jioni anatoka na nguo zilezile, anampakata mtoto. Kwa hiyo ukiweka "ajira" upande mmoja na "mazingira" upande wa pili, jua mfanyakazi umemweka pande zote mbili. Anapokea mshahara Ijumaa na sumu kila siku.

Pili, sikusema kiwanda kisiwepo. Betri kuukuu lazima ziende mahali. Zikiachwa mitaani ni balaa kubwa zaidi. Nasema kijengwe mbali na makazi, kiwe na vichujio, kipime wafanyakazi damu, na gharama hiyo aibebe mwenye kiwanda. Kama biashara inapata faida kwa sababu tu mtoto wa jirani ndiye anayebeba gharama ya moshi, basi mtaa huo unamfadhili mwekezaji bila kujua.

Na kuhusu kuchukua kisima huku mkiongea: mwaka 2011 Umoja wa Mataifa ulipitisha kanuni za mwongozo kuhusu biashara na haki za binadamu. Zinasema wazi kwamba kampuni inaweza kufanya mengine ya hiari kusaidia jamii, lakini hayo hayafidii kushindwa kwake kuheshimu haki za watu katika shughuli zake. Kisima hakifuti maji machafu iliyoyaachia mtoni. Ni hesabu mbili tofauti, na wewe unayetoka Mara unaujua Mto Tigithe kuliko mimi.

---

Nyamongo_Kwetu

Tigithe naujua mkuu. Mwaka 2009 maji ya mgodi yaliingia mtoni na mifugo tuliyoipoteza haikurudi. Na 2019 NEMC, baraza la mazingira la Tanzania, ilitoza mgodi faini ya shilingi bilioni 5.6 za Tanzania kwa ajili ya bwawa la maji ya sumu lililokuwa likivuja. Hapo sikupingi. Ninachouliza ni nani anatakiwa kutusimamia, maana mwanakijiji hana kipimo cha maji mfukoni.

---

FundiBetri_Dar

Naomba niingie kama mtu wa kazi hii. Nimefanya betri miaka mingi, kuchaji, kubadilisha sahani za ndani, na kuuza mbovu kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Wengi mnafikiri sumu iko kwenye moshi wa tanuri peke yake. Ngoja niwaonyeshe inavyokwenda. Betri ikifika kwenye yadi isiyojali, cha kwanza wanapasua kasha kwa shoka au panga. Maji ya betri, yaani asidi, yanamwagwa palepale chini au kwenye mtaro. Yale maji hayatoki peke yake, yanatoka na tope la kijivu ambalo ni risasi. Likikauka linakuwa unga laini kuliko unga wa ngano, upepo ukipita unaondoka nao. Sahani zinarushwa kwenye lundo, kasha la plastiki linasuuzwa kwa maji ya ndoo na kuuzwa, wakati mwingine linaishia kuwa chombo cha nyumbani. Hapo bado hujawasha moto.

Yadi ninayoikumbuka, sitaitaja, ilikuwa na watoto wanacheza mpira nje ya uzio, kwenye mchanga uleule unaopitiwa na mtaro. Goli moja lilikuwa kopo la rangi, lingine kasha la betri.

Ikifanywa kwa utaratibu inawezekana kabisa. Betri inasafirishwa ikiwa nzima, imesimama, asidi imo ndani. Inapasuliwa kwa mashine chini ya paa, sakafu ya zege isiyovuja. Asidi inakusanywa na kutulizwa, hata chokaa inafanya kazi hiyo, kabla ya maji kwenda popote. Moshi wa tanuri unafyonzwa na kupitishwa kwenye vichujio. Mfanyakazi ana nguo za kazini zinazofuliwa kazini, anaoga kabla ya kutoka, na damu yake inapimwa kila baada ya muda. Hakuna hata kimoja hapo ambacho ni teknolojia ya mwezini. Ni pesa tu, na nia.

---

MamaTumaini

Jamani mimi si mtaalamu, nimesoma nimeogopa. Kwa mtoto hii risasi inafanya nini hasa? Na ukishajua unafanyaje?

---

Mjomvu

Dada, swali zuri. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo akiila, mwili wake unaifyonza mara nne hadi tano kuliko mtu mzima, na ndiye anayetambaa chini na kutia vidole mdomoni. Inashambulia ubongo na mishipa ya fahamu wakati ndiyo kwanza vinajengeka. Anayeumia kidogo humjui kwa macho, utaona tu darasani hashiki mambo, hatulii, anapungukiwa damu. Anayeumia sana anapata degedege, anaweza kupoteza maisha.

Mwili unaichukua risasi kana kwamba ni kalsiamu, unaiweka kwenye mifupa na meno, na inakaa huko miaka mingi. Mwanamke akipata mimba mifupa inaiachia, inamfikia mtoto tumboni. Inaharibu mimba pia. Kwa hiyo tunapozungumza kuhusu kiwanda kilichofungwa 2014, tunazungumza pia kuhusu mabinti ambao hata leo hawajaanza kuzaa.

Ukishuku, la kwanza ni kipimo cha damu. La pili ni kumtoa mtoto kwenye chanzo, kwa sababu dawa zipo za kuivuta risasi mwilini ila daktari huwapa walioathirika sana, na haina maana kumtibu kisha ukamrudisha kwenye vumbi lilelile. Lishe yenye madini ya chuma na kalsiamu husaidia mwili usiifyonze sana. Kunawa mikono na kufuta sakafu kwa kitambaa kibichi badala ya kufagia kikavu kunapunguza. Lakini kumwambia mama afute sakafu huku bomba linaendelea kumwaga ni kumtwisha mzigo ambao si wake.

---

Kata_ya_Sheria

Nijibu swali la Nyamongo kuhusu nani msimamizi, maana hapa ndipo hukumu ya Owino Uhuru ina utamu wake kwetu wa sheria.

Watu wanadhani kampuni peke yake ndiyo iliyobanwa. Hapana. Mahakama iligawa lawama, na fungu kubwa kuliko yote, asilimia 40, likaenda kwa NEMA, yaani mamlaka ya mazingira yenyewe. Kampuni yenye kiwanda, Metal Refinery, ikabeba asilimia 25. Wizara nazo zikapata mafungu yao. Ujumbe kwa afisa wa serikali ni kwamba ukikaa kimya mezani na faili lipo, ukimya wako una bei.

Kwa upande wa Kenya, Katiba ya 2010 ibara ya 42 inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Ibara ya 70 ni kali zaidi: unaweza kwenda mahakamani bila kuthibitisha kwamba kuna mtu ameshapata hasara au kuumia. Huhitaji kusubiri mtoto augue ndipo uwe na kesi. Sheria ya mazingira ya 1999 nayo inaitambua kanuni ya mchafuzi kulipa.

Tanzania tunayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Kifungu cha 4 kinatoa haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, cha 5 kinakupa nafasi ya kwenda kuidai. Kifungu cha 81 kinataka tathmini ya athari kwa mazingira ifanyike kabla mradi haujaanza. Kabla! Sio tanuri likiwa limewaka.

Na kwa watu wa migodini: Sheria ya Madini, kifungu cha 105, baada ya marekebisho ya 2017, inamtaka mwenye leseni aandae kila mwaka mpango wa wajibu kwa jamii na kukubaliana na halmashauri. Ile zahanati si zawadi ya meneja, ni utekelezaji wa sheria. Kenya wao, kwa Sheria ya Madini ya 2016, mrabaha, yaani malipo ya mgodi kwa serikali, unagawanywa asilimia 70 serikali kuu, 20 kaunti, 10 jamii ya pale mgodi ulipo. Kiongozi akikuambia "tuwashukuru sana", shukuru, ila omba na mpango wenyewe uusome.

---

Nyamongo_Kwetu

Hapo kwenye kifungu cha 105 umenifungua macho. Mimi miaka yote nimekuwa nikipiga makofi kama wengine. Ila bado nasisitiza, tunaomba migodi na viwanda vibaki. Watu wasije wakauchukua uzi huu wakaanza kufukuza kila mwekezaji.

---

Mjomvu

Tuko pamoja kaka. Mimi nataka vibaki na nataka mtu aishi jirani navyo bila kuzika mtoto. Omido mwenyewe alianza ndani ya kampuni, akawaambia wakubwa mapema jinsi ya kujiokoa: hameni hapa. Wangemsikiliza, kiwanda pengine kingekuwepo hadi leo kwenye eneo lake sahihi, na ajira zingekuwepo. Anayeua ajira ni yule aliyeweka ripoti ile kabatini.

Jambo moja linaniuma kuliko yote. Kampuni ilikuwa na mtu wa jamii, ilikuwa na mshauri wa mazingira, ilikuwa na taarifa. Haikukosa maarifa. Siku hizi nikiona kampuni imeajiri ofisa wa jamii sifurahi mpaka nijue anaripoti kwa nani, na kama neno lake linaweza kusimamisha mashine hata kwa saa moja.

---

MamaTumaini

Mimi nilikuwa nasoma tu, sasa naomba ushauri wa kweli. Mtaani kwetu tumetangaziwa mkutano na mtendaji, kuna mtu anataka kuweka kiwanda cha kuchakata vyuma chakavu kwenye lililokuwa ghala la pamba. Kutoka ukuta wa ghala hadi shule ya chekechea ni uwanja tu unaotenganisha. Tumeambiwa kampuni imeahidi kukarabati choo cha shule. Tukafanye nini huko mkutanoni?

---

Kata_ya_Sheria

Dada, nendeni wengi na msiende kugombana. Muulizeni mtendaji: tathmini ya athari kwa mazingira imeshafanyika? Kama imefanyika, ripoti iko wapi tuione, na nani katika mtaa huu alihojiwa? Kama haijafanyika, basi mkutano huo ndio mwanzo wake na maoni yenu lazima yaandikwe. Waulizeni watachakata nini hasa. "Vyuma chakavu" ni neno pana, betri zimo au hazimo? Wakisema hazimo, ombeni iandikwe kwenye masharti ya kibali.

---

FundiBetri_Dar

Na muulize maji yatakwenda wapi. Usikubali jibu la "tutayashughulikia". Mwambie akuonyeshe kwenye mchoro mtaro unaanzia wapi na unaishia wapi. Nimeona yadi yenye ukuta mzuri na bango zuri, mtaro wake umetobolewa chini ya ukuta unamwagia kwa jirani. Zunguka nyuma ya lile ghala kabla ya mkutano, tazama maji ya mvua yanaelekea upande gani. Kama ni upande wa chekechea, unalo la kusema.

---

MamaTumaini

Maji ya mvua yanapita pale pale shuleni, kila masika tunaweka matofali watoto wavuke. Asanteni. Na choo je? Walimu wanakitaka kweli, kilichopo kimejaa.

---

Mjomvu

Choo kipokeeni, watoto wanakihitaji. Ila msikubali kizungumzwe kwenye mkutano uleule wa kibali. Ombeni kiwe ajenda ya siku nyingine, ili asiyeridhika na kiwanda asionekane anawanyima watoto choo. Kuna jingine dogo: chukueni vipimo vya udongo na maji sasa, kabla hawajaingia, mahali pale shuleni na nyuma ya ghala, na matokeo yawekwe ofisi ya mtaa na nakala kwa mwalimu mkuu. Mbeleni likitokea la kutokea, hakuna atakayeweza kuwaambia kwamba uchafu mliukuta. Na muhtasari wa mkutano usainiwe siku ileile, majina ya waliohudhuria yakiwemo. Ukirudi utuandikie hapa walivyojibu kuhusu betri.